KIKO CHA BABU, SHISHA YA MJUKUU

 

Mwezi wa Ramadhan ukiingia, baraza hujaa baada ya tarawehe na maneno huwa hayaishi. Jambo moja ambalo siku hizi halikosi ni la shisha. Wazee husema ni balaa mpya, haikuwako zamani, imeletwa na televisheni na watalii. Vijana nao hujibu kwamba shisha si sigara, ni moshi wa matunda uliopita kwenye maji, na tena ati ni utamaduni wa Kiislamu kwa vile Waarabu huvuta. Mimi nasomea historia chuo kikuu, na nilipoanza kuchimba habari za chombo hiki nimekuta pande zote mbili zinasema mambo ambayo historia haiyakubali. Chombo si kipya hata kidogo. Na huko kwa Waislamu tunakokutolea mfano, kimezozaniwa tangu siku ya kwanza, watu wakauawa kwa ajili yake.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni suala la umri. Chombo ni kile kile kwa miaka mia nne, na kila rika limekitazama kwa jicho lake. Kilianza kama alama ya wazururaji wa mikahawani, kikaja kuwa heshima ya wazee, kisha katika miaka ya 1990 kikarudi kwa vijana. Moshi haukubadilika. Kilichobadilika ni nani amekaa nao.

NARGILE MAANA YAKE NAZI

Tuanze na chombo chenyewe, kwa sababu wengi wetu tumesahau hata majina yake. Kiko cha maji cha Waswahili kilikuwa na sehemu zinazojulikana. Kuna bori, yaani chungu kidogo cha udongo cha kutilia tumbaku na kaa la moto juu yake. Kuna digali, mrija unaoshuka kutoka kwenye bori hadi ndani ya maji. Kuna kiko chenyewe, ambacho ni kifuu cha nazi kilichotiwa maji. Na kuna shilamu, mrija anaoushika mvutaji mdomoni. Ile sauti ya maji kububujika mtu anapovuta iliitwa malio ya kiko. Lugha ikiwa na jina la sauti ya kitu, jua kitu hicho kimekaa nyumbani muda mrefu.

Sasa itazame shisha ya leo: kichwa cha udongo, bomba la chuma, chupa ya maji, mpira wa kuvutia. Kimeongezeka nini? Hakuna. Kifuu kimekuwa kioo na shilamu imekuwa mpira, basi.

Majina pia yanatoa ushahidi. Waturuki na watu wa Sham hukiita nargile, na neno hilo linatokana na nargil, ambalo kwa Kiajemi ni nazi. Shisha nalo ni neno la Kiajemi lenye maana ya kioo au chupa. Kwa hiyo Mturuki anayejivunia nargile yake ya kioo chenye nakshi anaiita nazi bila yeye kujua, na sisi wenye minazi ndio tunaoambiwa kitu hiki ni kigeni kwetu! Wataalamu wengi hutazama upande wa India wanapotafuta asili yake. Wengine hutaja mabori yaliyochimbuliwa katika pango la Lalibela huko Ethiopia, ya karne ya 14, ambayo yalikutwa na mabaki ya bangi. Hilo nawaachia wenye fani ya kuchimba.

TUMBAKU ILIPOFIKA

Ibn Battuta alipopita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliandika habari za vyakula vyetu na adabu zetu. Huko Mogadishu alikaribishwa tambuu na popoo. Tumbaku hakuitaja, na hangeweza kuitaja, kwa sababu wakati huo ilikuwa Amerika tu. Ilianza kutoka huko baada ya safari ya Columbus ya 1492. Maana yake ni kwamba hakuna hata mmoja katika maimamu wanne wa madhehebu aliyepata kuiona. Anayetafuta neno tumbaku katika vitabu vyao anajisumbua.

Katika dola ya Uthmaniya ilifika karibu na mwaka 1600. Mwanahistoria Ibrahim Pechevi, aliyekuwako wakati huo, anasema Waingereza ndio walioileta na wakaiuza kama dawa ya maradhi ya ubaridi. Anasema waliotangulia kuivamia ni wapenda starehe, kisha ikawapata hata wasio watu wa starehe, mpaka wanavyuoni wakubwa na wenye vyeo. Mikahawani, asema, moshi ulikuwa mzito hata watu hawakuonana. Pechevi alichukia. Njia nzima ilinuka, na waliovuta hawakufanya kazi. Ukimsoma utadhani ni mzee wa mtaani kwenu anawasema vijana wa maskani.

Mwaka 1633, baada ya moto mkubwa kuunguza sehemu ya Istanbul, Sultan Murad wa Nne alifunga mikahawa na kupiga tumbaku marufuku. Adhabu ilikuwa kifo, na watu kweli waliuawa. Mhubiri maarufu wa siku hizo, Kadizade Mehmed, alimuunga mkono mimbarini. Msomaji asidhani Sultan huyu alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe aliyewaonea vijana wivu. Alizaliwa 1612. Alipotoa amri ile alikuwa na miaka 21, umri wa mwanafunzi wa chuo kikuu, na alikufa 1640 akiwa na 27. Kwa hiyo wale wanaosema ugomvi huu siku zote ni wa wazee dhidi ya vijana, hapa wamepata jibu.

Na amri ilifaa? Wapi! Katib Çelebi, mwanachuoni aliyekuwa shahidi wa mambo hayo, anasimulia kwamba askari waliokuwa vitani na Sultan walificha viko vifupi ndani ya mikono ya nguo zao, na walipata nafasi ya kuvuta hata pale wenzao walipokuwa wakiuawa kwa kosa hilo hilo. Hazikupita hata miaka kumi baada ya kufa Murad, Sheikhul-Islam Bahai Efendi akatoa fatwa ya kuiruhusu. Bahai Efendi mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa, na watu wa zama zake hawakuacha kulisema hilo.

WALIOZALIWA WAKAIKUTA

Wanavyuoni waligawanyika, na si mgawanyiko wa mbali. Misri walikuwako masheikh wawili wa madhehebu moja ya Maliki, mji mmoja, zama moja. Ibrahim al-Laqani, yule wa Jawharat al-Tawhid inayosomeshwa katika madrasa nyingi, aliandika kuiharamisha. Ali al-Ujhuri akaandika kuihalalisha kwa asiyedhurika nayo. Baadaye huko Damascus, mwaka 1682, Abd al-Ghani al-Nabulusi alitunga kitabu kizima cha kuitetea, na akataka ndugu wapatane badala ya kukufurishana kwa ajili ya moshi.

Mimi nina maoni yangu hapa. Pechevi alikuwa mtu mzima tumbaku ilipofika. Aliujua mji usio na harufu ile. Al-Nabulusi alizaliwa 1641, akaikuta iko majumbani, sokoni na kwa majirani kama kahawa. Mtu huwa hakishangai alichozaliwa akakikuta. Nadhani sehemu kubwa ya hukumu tunazotoa barazani, si za wanavyuoni bali zetu sisi, hutoka hapo. Lakini nisizidishe, kwa sababu al-Ujhuri alizaliwa karibu na mwaka 1560. Alikuwa mzee tumbaku ilipoenea, na bado aliiruhusu. Umri unaeleza mengi, hauelezi yote.

Upande unaotuhusu zaidi ni Hadhramaut, kwa kuwa huko ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya elimu yetu ya Pwani. Masharifu wa huko walikuwa wakali. Husein, mtoto wa Sheikh Abubakar bin Salim wa Inat, alipambana na tumbaku katika karne ile ile ya 17, na maneno yake makali yamenukuliwa katika Bughyat al-Mustarshidin, kitabu cha fatwa cha mufti wa Tarim Abdurrahman al-Mashhur. Kitabu hicho masheikh wetu wanakijua, na ukoo wa Sheikh Abubakar bin Salim unajulikana vizuri Pate, Lamu na Komoro. Kwa hiyo sheikh wa Pwani anapokemea shisha haigi watu wa leo tu. Ana msururu nyuma yake wa karibu miaka mia nne.

HESHIMA YA MZEE

Tazama sasa kiko kinavyobadilisha kiti. Mwingereza Edward Lane, aliyekaa Cairo katika miaka ya 1820 na 1830, aliandika kwamba mgeni akifika nyumba ya watu hupewa kiko na kahawa. Kimekuwa ukarimu. Na akaeleza kwamba watoto wa kiume hawakai, hawali wala hawavuti mbele ya baba yao mpaka wapewe ruhusa. Hebu lisome tena hilo. Hakuna anayesema kijana havuti. Kinachosemwa ni kwamba havuti mbele ya baba. Katika karne mbili jambo lililokuwa uhuni limekuwa mamlaka: mwenye kiko ni mkubwa, na mdogo hujificha.

Huku kwetu adabu ilikuwa ya namna hiyo hiyo. Wazee husimulia kwamba mtoto angeweza kutumwa kaa la moto jikoni kwa ajili ya kiko cha babu, akalibeba, akaliweka juu ya bori, akarudi zake kucheza. Siku angeonekana yeye amekishika angepigwa. Mtoto alijifunza nini hapo? Kwamba moshi ni mbaya? La. Alijifunza kwamba moshi ni wa wakubwa, na kila mtoto anangoja awe mkubwa.

Lakini si kila mahali palikuwa hivyo. Burton, katika safari yake ya 1857 hadi 1859, alipita kijiji cha Yombo huko Unyamwezi. Jioni aliwaona wanawake wote wa kijiji, kuanzia bibi kizee mwenye makunyanzi hadi msichana mdogo, wamekaa duara kwenye vigoda, kila mmoja na kiko chake kirefu. Pale umri haukutenga mtu, wala uke. Huwaambia wenzangu kisa hiki wanaposema msichana kuvuta ni jambo la karne ya 21.

Uajemi ndiko kiko kilikoonyesha nguvu kuliko mahali popote. Mwaka 1890 Shah Nasir al-Din alimpa Mwingereza mmoja, Meja Talbot, haki ya biashara yote ya tumbaku ya nchi. Desemba 1891 ikatoka fatwa kwa jina la Mirza Hasan Shirazi kwamba kuitumia tumbaku ni haramu wakati huo. Wakubwa kwa wadogo waliacha, viko vikavunjwa, na inasimuliwa kwamba hata ndani ya kasri wanawake wa Shah walikataa kumtayarishia. Januari 1892 mkataba ukafutwa. Fatwa iliposema basi, waliweza. Hilo nalitaja kwa wanaosema mtu hawezi kuacha.

KUTOKA SIGARA HADI ASALI

Sigara ndiyo iliyokiua kiko, au tuseme ilikilaza usingizi. Baada ya vita vya Crimea vya 1853 hadi 1856 sigara za karatasi zilienea haraka Ulaya na kwingineko. Ziliingia mfukoni, hazikuhitaji maji wala kaa, na zilikuwa za kisasa. Kijana aliyesoma hakutaka kuonekana na kifuu cha nazi. Katikati ya karne ya 20 nargile ya Istanbul na kiko cha Pwani vikawa vya watu wazima walioshinda barazani. Nyanya zetu wengine walibaki na uraibu wao wa tambuu na tumbaku ya kutafuna. Wangu mimi alikuwa na kijaluba chake, na hakuna aliyewahi kumhesabu miongoni mwa watumiaji wa tumbaku. Alikuwa nyanya tu.

Kisha ikaja asali. Neno la Kiarabu muassal maana yake ni kilichotiwa asali: tumbaku iliyolowekwa sharubati na ladha za matunda. Katika miaka ya 1990 viwanda vya Misri viliieneza kwa ladha ya tufaha, ya stroberi na nyinginezo. Moshi wake ni mwepisi, haukwaruzi koo, unanukia. Wakati huo huo televisheni za setilaiti zilikuwa zikiingia majumbani, na Cairo na nchi za Ghuba zikapamba mahema ya Ramadhan ambamo watu hukaa mpaka daku, shisha mbele yao. Chombo cha babu kikawa cha mjukuu. Mombasa na Nairobi tulikipokea kwa jina jipya, na wengi hatukutambua kwamba ni kiko kile kile kimerudi na nguo mpya.

Hapo ndipo marika yalipotengana kabisa. Kwa mzee, sigara ni kosa linaloeleweka na shisha ni uhuni. Kwa kijana, sigara ni kitu cha watu wazima kinachonuka na kuua, na shisha ni mazungumzo na marafiki. Msichana ambaye hawezi kuthubutu kushika sigara hupiga picha na mpira wa shisha. Mama humwambia mwanawe kwamba afadhali hiyo kuliko bangi, na mtoto huisikia kama ruhusa.

Serikali nazo zimejaribu mkono wa Murad, bila upanga. Uganda ilitunga sheria ya kuikataza 2015, Tanzania ikaipiga marufuku 2016, Kenya na Rwanda zikafuata Desemba 2017. Hapa Kenya Mahakama Kuu iliikubali marufuku ile mwaka 2018, lakini Septemba 2024 mahakama ya Shanzu iliwaachilia watu 48 waliokamatwa kwa shisha, kwa hoja kwamba kanuni zile hazikupelekwa Bungeni inavyotakikana. Sheria ilivyokuwa ikienda na kurudi, vijana walijifunza kwamba ni jambo la kukimbizana na askari, si la afya. Katib Çelebi angetabasamu.

HOJA YA MAJI

Imebaki hoja moja, na hii marika yote huikubali, babu na mjukuu: kwamba maji husafisha.

Ni hoja ya zamani sana. Karibu na mwaka 1604 Asad Beg alimpelekea mfalme Akbar wa India tumbaku na kiko cha kuvutia. Matabibu wa baraza wakabishana mbele ya mfalme, mmoja akaonya kwamba kitu hiki hakijajaribiwa. Watu hupenda kusimulia kwamba tabibu Abul-Fath Gilani ndiye aliyebuni kuupitisha moshi kwenye maji ili upungue madhara. Sisi tuliosoma madrasa tumefundishwa kuangalia sanadi, basi tuangalie: Gilani alikufa 1589. Kisa kina mushkeli. Lakini imani iliyomo ndani yake ilisafiri pamoja na chombo mpaka hapa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo yake 2005. Sigara moja huvutwa mara 8 hadi 12 kwa dakika chache. Kikao cha shisha huchukua dakika 20 hadi 80, na mtu huvuta mara 50 hadi 200, tena kwa mkupuo mkubwa zaidi. Kwa kikao kimoja anaweza kuingiza moshi unaolingana na wa sigara 100 au zaidi. Maji hupunguza joto na hunyonya nikotini kidogo, na mvutaji, kwa kuwa hakutosheka, huvuta zaidi. Juu ya hayo kuna hewa ya sumu ya kaa la moto lenyewe. Wengine pia hudhani ni matunda matupu, hali muassal ni tumbaku.

Wanavyuoni wetu wa Kishafii waliwahi kupita njia hii, na kwa sababu ya saumu. Sheikh Ali al-Ziyadi wa Misri, aliyefariki mwaka 1024 Hijria, sawa na 1615, aliulizwa kuhusu tumbaku ilipokuwa bado ngeni: je, moshi unafunguza? Alijibu kwamba haufunguzi, kwa kuwa moshi hauna kiwiliwili, ni kama harufu au mvuke. Hakuwa ameijua. Kisha akauona mrija wa kuvutia na kile kilichoganda ndani yake. Hapo hapo akaiacha fatwa yake ya kwanza na kusema unafunguza, kwa kuwa kuna kitu kinachoingia. Kisa hiki kimo katika hashia za vitabu vya madhehebu yetu, na hukumu hiyo ya pili ndiyo inayosomeshwa mpaka leo.

Mpira wa shisha hauonekani ndani, umezungushiwa kitambaa cha rangi. Lakini chupa yake ni ya kioo. Maji hutiwa safi baada ya tarawehe, na vijana wanaponyanyuka kwenda kula daku huwa yamekuwa ya manjano.